Mwanafunzi Akiugua Shuleni: Nani Anaamua, Anakwenda Wapi, Nani Ajue

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Kicheko kiligeuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na baadhi yao wakaingiwa na hofu kwamba kuna mtu anawafukuza. Kwa wengine hali hiyo ilipita baada ya saa chache, kwa wengine ilikwenda na kurudi kwa siku nyingi, hadi 16. Kufikia katikati ya Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakuguswa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa.

Waliofunga shule walifanya ambalo karibu kila mkuu wa shule angelifanya: kila mtoto arudi kwa wazazi wake. Siku kumi baadaye, huko Nshamba, walikotoka baadhi ya wasichana hao, watu wakaanza kucheka. Katika Aprili na Mei walipatwa watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule. Kashasha ilipofunguliwa tena 21 Mei, wanafunzi wengine 57 wakapatwa, ikafungwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Mwezi huohuo shule nyingine ya wasichana ya jirani na Bukoba, Ramashenye, ilikuwa na wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154. Nayo ikafungwa, wasichana wake wakarudi makwao, na kicheko kikafika kijiji kingine.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip waliofuatilia tukio hilo walichunguza damu, maji ya uti wa mgongo na vyakula. Hawakukuta kijidudu wala sumu, na hakuna aliyekufa. Katika ripoti waliyoichapisha mwaka 1963 walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa mfadhaiko wa kundi: dhiki ya nafsi inayojitokeza mwilini na kupita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kuonana tu. Watafiti waliokuja baadaye wameyatazama maisha magumu ya bweni, na wakakumbuka pia kwamba nchi yenyewe, Tanganyika, ilikuwa na uhuru wa wiki saba.

Kisa cha Kashasha husimuliwa duniani kote kama kioja. Kwa walimu na wazazi kina uzito mwingine, kwa sababu ndani yake kuna uamuzi uliofanywa mara tatu, kwamba wagonjwa na wazima wote waende nyumbani, na angalau mara mbili uamuzi huo ulilihamisha tatizo kutoka bwenini hadi kijijini. Wasichana walitendewa kwa nia njema, ila hakuna aliyekuwa amefikiri mapema nini kifanyike siku ya namna hiyo ikifika.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Mwanafunzi anaposema "naumwa", shule inafanya uamuzi wa kitabibu hata kama hakuna daktari ndani ya uzio wake. Uamuzi huo ni mzito mno kuachiwa huruma, hasira au uchovu wa mtu aliyekuwa zamu usiku huo. Unapaswa kuwa umeandikwa kabla mgonjwa hajatokea. Na maandishi hayo yana maswali matatu ya kujibu: nani anaamua, mgonjwa anakwenda wapi, na nani ajue.

Nani anaamua

Katika shule nyingi za bweni, safari ya mgonjwa ina vituo. Anamwambia kiranja wa bweni. Kiranja anampeleka kwa mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu anamwelekeza kwa matroni au patroni. Matroni akiwa na mashaka anamtafuta mkuu wa shule atoe ruhusa ya kwenda zahanati. Katika kila kituo yupo mtu mwenye uwezo wa kusema "huyu anategea", na kauli hiyo haikuzuka hewani, kwani wapo wanaougua asubuhi ya mtihani wa hisabati na kupona kabla ya mechi ya jioni. Shida ni kwamba anayeumwa na anayetegea wanasema neno lilelile. Kinachowatenganisha ni kipimo. Sura ya mtoto haitoshi.

Daftari la wagonjwa linaonyesha jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote. Ni daftari la kawaida la kaunta, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kidato, anaumwa nini, amepewa nini. Safu ya mwisho mara nyingi inajirudia kutoka juu hadi chini ya ukurasa: Panadol, Panadol, Panadol. Safu ya joto la mwili haipo, wala ya saa, wala ya nani alirudi kumtazama mgonjwa baadaye. Jina la mtoto mmoja linaweza kuonekana Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, kila mara likiwa limeandikwa kama mgeni, kwa sababu anayeandika mstari mpya hasomi mistari ya juu.

Utaratibu ulioandikwa unamwondolea matroni mzigo wa kukisia. Unasema kwamba kila anayelalamika homa apimwe joto na saa iandikwe. Kwamba mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24, kwa kuwa kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kwamba dawa ya kutuliza maumivu haihesabiwi kuwa tiba ya homa, maana inashusha joto na, kama ni malaria, kuviacha vimelea vikiendelea kuzaana kwenye damu. Unataja pia dalili ambazo hazimsubiri mkuu wa shule, mzazi wala asubuhi: degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila kinachomezwa, shingo kukakamaa, kupumua kwa shida, macho kuwa ya njano, maumivu ya tumbo yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia. Anayeziona dalili hizo, hata kama ni kiranja wa miaka 16, awe na haki ya kuamsha watu na gari liondoke.

Wapo wanafunzi ambao kwao kosa dogo la mwalimu ni hatari kubwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu; makadirio ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Mtoto huyo akinyimwa ruhusa ya kunywa maji, akisimamishwa muda mrefu kwenye baridi ya asubuhi au akilazimishwa kumaliza mchakamchaka, anaweza kupatwa na maumivu ya mifupa yatakayomlaza siku kadhaa. Homa kwake ni dharura. Hana bandeji wala gongo la kumtambulisha, na mwalimu anayemwona ameketi pembeni ya uwanja wakati wenzake wanakimbia ataona uvivu, kama hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kisha kuna siku ambayo mgonjwa si mmoja. Mwaka 2023, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Mukumu huko Kakamega, magharibi mwa Kenya, mamia ya wanafunzi walipata maumivu ya tumbo, kuharisha na kutapika. Shule ilifungwa mwanzoni mwa Aprili. Wanafunzi walifariki, na mwalimu mmoja pia. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba vipimo vilikuta bakteria wa E. koli na wa homa ya matumbo, vijidudu vinavyosafiri kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Kifo cha mtoto aliyepelekwa shuleni akiwa mzima, kwa maji aliyochotewa au chakula alichopakuliwa hapohapo shuleni, ni jambo ambalo hakuna jamii inayopaswa kulizoea. Shule yenye daftari linalosomwa kila jioni ina nafasi ya kuugundua mlipuko wa aina hii ukiwa bado mchanga. Inatosha kuandika kanuni: wanafunzi watano wenye dalili moja ndani ya siku moja, ofisa afya wa wilaya au kaunti apigiwe simu usiku huohuo, na maji yachemshwe kuanzia saa hiyo bila kusubiri majibu ya maabara.

Anakwenda wapi

"Nenda nyumbani ukapone" ni maneno ya huruma, lakini yana njia ndefu ndani yake. Mtoto wa kidato cha pili aliyepewa karatasi ya ruhusa saa nne asubuhi, homa ikiwa mwilini, anabeba begi lake hadi stendi na kupanda basi la saa sita. Shule imeshamtoa kwenye hesabu ya chakula cha mchana. Mzazi bado hajui kwamba mwanawe yuko njiani. Kwa saa hizo zote mtoto hana mwenyewe, na akizidiwa kabla ya kufika, wa kumsaidia ni kondakta na abiria wasiomjua.

Kanuni ya hapa ni fupi. Mwenye homa aonwe kwanza na mtaalamu wa afya. Asitoke getini mpaka mzazi au mlezi amepokea simu na kusema nani atampokea, wapi na saa ngapi. Mwenye ugonjwa wa kuambukiza asipandishwe basi la abiria. Na shule ipige simu ya pili jioni kuhakikisha kwamba amefika.

Uganda ililikabili swali la wapi kwa uchungu mwaka 2022. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa 20 Septemba wilayani Mubende. Tarehe 8 Novemba, Waziri wa Elimu Janet Museveni alieleza kwamba wanafunzi 23 wa Kampala, Wakiso na Mubende walikuwa wamethibitika kuugua na wanane kati yao wamekufa, na kwamba shule zote za awali, msingi na sekondari zingefungwa 25 Novemba, wiki mbili kabla ya ratiba, ili kupunguza msongamano wa kila siku wa watoto madarasani, bwenini na kwenye vyombo vya usafiri. Kati ya tangazo na kufunga kulikuwa na siku 17. Wazazi walijua tarehe, shule zilijua tarehe, na hapakuwa na sababu ya mtoto kuambiwa afungashe usiku. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika 11 Januari 2023.

Si kila ugonjwa unadai mgonjwa atengwe, na shule nyingi hukosea pande zote mbili. Mwenye malaria hamwambukizi jirani yake wa kitanda. Anachohitaji ni dawa, chandarua na mapumziko. Mwenye mapunye anaweza kuendelea na masomo akishaanza matibabu, mradi hachangii kitana wala kofia. Mwenye tetekuwanga, kwa upande mwingine, anaambukiza mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, kwa kawaida siku tano au zaidi tangu vipele vianze. Mwenye surua akae mbali na wenzake hadi siku nne zipite tangu vipele vijitokeze. Aliyeharisha au kutapika asirudi jikoni wala darasani kabla ya saa 48 tangu mara ya mwisho. Macho mekundu, yaliyosumbua Dar es Salaam mnamo Januari 2024, yanataka taulo ya peke yake, maji yanayotiririka na siku chache za kutobanana na wengine. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apelekwe kupimwa kifua kikuu, na akikutwa nacho, kituo cha afya ndicho kitakachosema lini yuko salama kurudi.

Kwa shule ya bweni hesabu hii ina maana ya vyumba. Chumba kimoja cha wagonjwa chenye vitanda viwili kinamlaza mwenye tetekuwanga ubavuni mwa mwenye selimundu, na hapo shule yenyewe inakuwa imemwambukiza mtoto ambaye mwili wake hauna akiba ya kupigana. Vyumba viwili vinahitajika, hata kama cha pili ni stoo iliyosafishwa, yenye dirisha linalofunguka, ndoo ya kunawia na choo chake.

Kufunga shule kuwe hatua ya mwisho, maana gharama yake inajulikana. Uviko-19 ulipoingia, Tanzania ilifunga shule 17 Machi 2020 na kufungua madarasa yote 29 Juni mwaka huohuo, kidato cha sita kikiwa kimetangulia 1 Juni. Wanafunzi wengi wa Kenya walirudi 4 Januari 2021. Uganda ilifungua kikamilifu 10 Januari 2022, karibu miaka miwili tangu ilipofunga. Wapo wasichana waliorudi wakiwa mama, na wapo watoto ambao hawakurudi kabisa.

Mara nyingine shule yenyewe ndiyo mahali pazuri pa kutibia. Kuanzia mwaka 1998 huko Busia, magharibi mwa Kenya, watoto wa shule za msingi walipewa dawa ya minyoo kwa awamu katika mradi uliohusisha shule 75. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: katika shule zilizopata dawa, watoto kukosa masomo kulipungua kwa angalau robo. Waliofaidika hawakuwa wameza dawa peke yao. Wenzao ambao hawakumeza, na hata shule za jirani, walipata nafuu, kwa sababu mayai ya minyoo ardhini yalipungua. Mwaka 2019 Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi yao ya kupima kwa majaribio nini hasa kinapunguza umaskini. 

Nani ajue

Mwanafunzi anayejiunga na kidato cha kwanza Tanzania huja na fomu ya uchunguzi wa afya, iliyojazwa na kupigwa muhuri hospitalini: damu, choo, mkojo, macho, masikio, kifua. Ni karatasi yenye thamani kubwa, na mara nyingi safari yake huishia kwenye faili la ofisi. Matroni hajaiona. Mwalimu wa michezo hajui kwamba ipo. Mtoto mwenye pumu anakaa bweni lililo jirani na jiko la kuni, ilhali karatasi ambayo ingemhamisha iko kabatini.

Kwa upande wa pili kuna kujua kunakojeruhi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na walikuwa sahihi. Lakini mtoto huficha maradhi pale anapoona yaliyowapata waliosema. Katika shule za bweni upo ukaguzi wa matranka: kiranja au mwalimu anamwaga vitu vya mwanafunzi kitandani mbele ya bweni zima, akitafuta simu. Kikidondoka kichupa cha dawa za kufubaza virusi, siri ya miaka mingi imekwisha kwa dakika moja, na kesho yake mtoto anaweza kuacha kumeza dawa ili asionekane tena.

Kenya imelipitia suala la watoto wenye VVU shuleni mahakamani mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wa Nyumbani, makao ya watoto wanaoishi na VVU jijini Nairobi yaliyoanzishwa na padri na daktari Angelo D'Agostino, walikataliwa na shule za umma. Makao yaliishtaki serikali, na Januari 2004 serikali ikakubali kuwapokea. Mnamo Februari 2015 likaja agizo la Rais kwamba ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na VVU, majina yao yakiwamo. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwahudumia. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la KELIN na wenzake, iliamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha na halikuzingatia maslahi ya mtoto, na ikaamuru majina yaliyokusanywa yafichwe kwa namna ambayo hayatamtambulisha yeyote. Tanzania nayo, kwa Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, imekataza ubaguzi wa wenye VVU, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu.

Kutokana na hayo, kanuni inayofaa shule ni kugawa habari kwa kadiri ya kazi. Anayetoa huduma, yaani matroni au muuguzi, ajue ugonjwa. Wengine wajue la kufanya. Mwalimu wa michezo haambiwi jina la maradhi. Anaambiwa kwamba mwanafunzi huyu asikimbie mbio ndefu na asizuiwe kunywa maji. Kiranja anaambiwa kwamba fulani ana ruhusa ya kutoka saa tatu usiku kwenda kwa matroni, basi.

Kifafa kina kanuni yake, kwa kuwa hakijifichi: kinamwangusha mtoto mbele ya darasa zima. Katika sehemu nyingi bado inaaminika kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, hivyo wanafunzi hukimbia na mtoto huachwa sakafuni peke yake, au hutokea mtu jasiri akampachika kijiko kati ya meno. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa, na kijiko huvunja meno. Kinachotakiwa ni kusogeza madawati, kumlaza ubavu, kumwekea sweta chini ya kichwa, kutazama saa, na kumkimbiza hospitali degedege likipita dakika tano. Darasa zima linaweza kufundishwa hayo kwa kipindi kimoja, na mwenye kifafa akarudi kwenye dawati lake saa moja baadaye bila kuwa habari ya shule.

Baada ya maswali hayo matatu linakuja la fedha, na halikwepeki. Kenya ilianzisha bima ya EduAfya kwa wanafunzi wa sekondari za umma mwaka 2018. Ilikoma mwisho wa 2023. Tanzania ilikuwa na Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kuanzia Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja, ukaelekeza wasajiliwe kupitia shule au vifurushi vya familia. Mipango hubadilika, mgonjwa wa usiku wa leo habadiliki. Shule inapaswa kuwa na fungu dogo la dharura, lenye kiwango kilichokubaliwa na wazazi, ambalo matroni anaweza kulitumia bila saini tatu.

Yote haya yanaenea kwenye karatasi moja yenye pande mbili. Upande wa kwanza uwe na dalili za dharura, namba ya zahanati na ya hospitali, jina la dereva na la anayekaa na ufunguo wa gari usiku, na kiasi cha fedha kilichopo. Upande wa pili uwe na jedwali la magonjwa yanayodai kutengwa na kwa siku ngapi, utaratibu wa kumrudisha mgonjwa nyumbani, na orodha ya nani anaruhusiwa kufungua faili la afya. Karatasi hiyo ibandikwe bwenini na jikoni, isomwe mstarini wiki ya kwanza ya Januari wakati kidato cha kwanza kimefika, na ipitiwe upya kila mwaka pamoja na mtu wa afya wa kata. Bodi ya shule inaweza kuipitisha katika kikao kimoja. Isipokuwapo kwenye ajenda, mzazi yeyote aliye kikaoni aiombe, na muhtasari uonyeshe nani amepewa kuiandika na tarehe ya kuileta.